Daktari Aliyenikataa, Kisha Akaniokoa

Kina mama wenzangu, mimi ni Mwanasha wa Majoreni. Zamani nilikuwa na afya ya kubeba beseni la samaki wa kukaanga kichwani, kutoka pwani hadi barabarani, bila kutua.

Maradhi yalianza nilipomzaa mtoto wangu wa pili. Nilishikwa na kifafa cha mimba. Nilizinduka siku ya tatu, ulimi nimeuuma ukachanika. Mkunga akaniambia nikibeba mimba nyingine nisikawie kwenda hospitali. Mtoto hajatimiza mwaka, nikabeba. Miguu ikavimba mapema, kichwa kikawa kinagonga, macho yakaona vimulimuli.

Nikaenda kwa daktari, kijana wa bara, mpole. Nilimweleza yote, nikamuuliza kama iko njia ya kuitoa mimba kabla haijaniua. Akanipima presha, akazitazama namba kwa muda mrefu.

"Mama, mimi sikusomea kutoa roho," akasema.

Akanipa vidonge, nikaondoka.

Nilikwenda kwa mwanamke mmoja wa mtaani kwetu. Alichonifanyia sitakieleza. Siku ya pili damu ikaja mabonge mabonge. Siku ya nne homa ikapanda, na ikaanza harufu ya kitu kilichooza, nayo inatoka kwangu mwenyewe. Mume wangu nilimwambia ni malaria. Wifi yangu Riziki ndiye aliyefunua shuka. Hakuniuliza neno. Alinifunga kanga tatu akanipeleka hospitali.

Muuguzi alitaka kujua nani aliyenifanyia. Sikumtaja. Akasema wa namna yangu wangoje. Tukangoja benchini tangu asubuhi hadi adhuhuri. Damu ikapita kanga zote, ikadondoka sakafuni, na waliokaa karibu wakasogeza miguu yao. Maumivu nimeyasahau. Ile miguu inayosogea bado naiona.

Daktari aliyetokea alikuwa ni yule yule. Alinitambua. Akavaa glavu. Akaagiza damu, akaagiza chumba cha upasuaji kitayarishwe. Nilipozinduka nilikuwa hai, lakini kizazi sina.

Siku ya tano alikuja akaketi kando ya kitanda. Riziki alitaka kutupisha, daktari akamwomba abaki. Akatueleza kwamba alipokuwa mwanafunzi, mwalimu wake alichukuliwa na polisi mbele ya wagonjwa kwa jambo kama langu. Babake yeye daktari ni mchungaji, na siku mwanawe alipohitimu alimwapisha kwamba hataigusa mimba ya mtu. Lakini alijua sheria inamruhusu maisha ya mama yakiwa hatarini.

"Presha yako niliiona," akasema. "Nilijua. Niliogopa, nikauita woga wangu dini."

Riziki akamjibu taratibu, "Daktari, kama moyo wako ulikataa, ungempeleka kwa mwingine."

Akainamisha kichwa. Mikono yake ndiyo iliyonirudisha duniani, na hata leo sijui kama nimemsamehe.

Nyumbani nilimwambia mume wangu ukweli. Alikaa siku mbili bila kunena. Siku ya tatu akanichemshia maji ya kuoga.

Alhamdulillah, nimepona. Namshukuru Mungu, na baada yake namshukuru Riziki. Lakini mara nyingine nikiwa naoga ile harufu hunirudia, nikatoka na sabuni mwilini.

Dada zangu, damu ikizidi usiifiche kwa jina la malaria. Nenda, useme kweli. Daktari akikukataa, muulize ni nani mwingine, wala usiinuke kitini bila jibu.

Nanyi madaktari mlioketi hapo nyuma, sikuja kuwahukumu. Mwenye imani yake na abaki nayo. Lakini mkimkataa mama, mpeni jina la mwenzenu atakayemsikiliza. Mimi siku ile nilitoka mlangoni sina jina la mtu yeyote wa kunisaidia, isipokuwa la yule mwanamke.