Nilimwambia aseme kwa Kiingereza

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitetee. Jina langu naomba lisiandikwe, kwa sababu bado nafundisha na watoto wangu wanasoma hapahapa Korogwe. Lakini nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.

Mimi ni mwalimu wa Baolojia sekondari. Darasa langu lilikuwa kimya kuliko yote, na nilijivunia. Mwalimu Rehema wa chumba cha pili aliwapanga wanafunzi vikundi, wakabishana, wakaelezana kwa Kiswahili kwanza ndipo wakaandika kwa Kiingereza. Kelele zake zilinikera. Ofisini nilimwita mwalimu wa sokoni, na wenzangu wakacheka.

Kwangu mimi sheria ilikuwa moja tu: Kiingereza. Aliyeongea Kiswahili alivaa kibao cha mbao shingoni hadi akamatwe mwingine. Niliandika ubaoni, wakanakili. Nikiuliza kama wameelewa, wote waliitikia "yes", nami nikafuta ubao.

Zaituni alikuja kidato cha kwanza kutoka Mpale, kijiji cha mbali huko milimani. Mama yake ni mkulima hukohuko, kwa hiyo mtoto alikaa kwa shangazi yake Masuguru ili awe karibu na shule. Wiki za mwanzo alikuwa anauliza sana. Kwa nini damu ni nyekundu, kwa nini mwingine anaumwa malaria na mwingine haumwi. Aliuliza kwa Kiswahili, nikamvika kibao. Akauliza tena, nikamvika tena. Siku moja alijaribu Kiingereza, akakosea, nikarudia sentensi yake kwa kumuigiza ili darasa licheke. Likacheka kweli.

Baada ya hapo hakunyoosha mkono. Nikajiambia huyu sasa ametulia.

Muhula wa pili tulifika mada ya mmeng'enyo wa chakula. Nilichora utumbo ubaoni na kuandika majina ya kila sehemu. Zaituni alilaza kichwa juu ya dawati. Nilimsimamisha mpaka kipindi kikaisha. Alisimama ameshika tumbo, sikumuuliza kitu.

Kesho yake alinyoosha mkono. Nilishangaa, maana ilikuwa imepita miezi.

"Mwalimu, naomba ruhusa. Tumbo..."

"Sema kwa Kiingereza."

Alifungua mdomo, akaufunga. Wenzake wa nyuma wakaanza kucheka. Akakaa.

Hawa, aliyekaa naye dawati moja, akasimama. "Mwalimu, huyu anaumwa tangu jana. Shangazi yake amemwambia aombe ruhusa kwako aende hospitali."

Kibao nikampa Hawa.

Nilikuwa na vipindi viwili mfululizo. Niliendelea kufundisha. Niliona Zaituni ameinama, jasho linamtoka, na moyoni nikasema hizi ni mbinu za kukwepa zoezi. Kengele ilipolia wote walisimama isipokuwa yeye. Nilipomgusa bega alikuwa wa moto kama sufuria.

Tulimpeleka na bodaboda, mimi nimemshikilia katikati. Daktari alimpapasa tumbo, akaniangalia.

"Kidole tumbo kimeshapasuka. Mlikuwa wapi tangu jana?"

Kidole tumbo. Nilikuwa nimekichora mwenyewe ubaoni, nikakiandikia jina lake la Kiingereza. Zaituni alikuwa amekinakili bila kujua kuwa ni kitu kilichomo ndani yake.

Walimpasua, usaha ukawa umesambaa, wakampasua tena. Alikaa wodini muda mrefu. Kuna siku nilifika mlangoni nikaona mama yake anamlisha uji kwa kijiko, nikageuka nikarudi nyumbani Manundu. Hata pole sikuisema siku ile.

Mkuu wa shule alinipa onyo, basi. Wazazi hawakufuatilia. Nilirudi darasani, nikamwambia Hawa anieleze kwa Kiswahili, kwa maneno yake, chakula kinakwenda wapi baada ya kumezwa.

"Sijui, mwalimu. Sisi tunanakili tu."

Nikamuuliza wa pili, wa tatu, hadi dirishani. Hakuna aliyejua. Miaka yote nilidhani nafundisha.

Nilikwenda kwa Mwalimu Rehema nikamwomba nikae nyuma ya darasa lake. Hakunicheka, alinisogezea kiti. Siku hizi kibao hakipo. Naanza na swali, wanajadiliana wawiliwawili kwa lugha wanayoijua, mmoja anamweleza mwenzake, halafu tunatafuta pamoja namna ya kulisema jibu na kuliandika kwa Kiingereza. Wanafaulu kuliko zamani. Lakini nikiwasikia wanabishana najua kuna sauti moja haipo.

Likizo ilipofika nilipanda Mpale. Mama yake alinikaribisha vizuri, akanipa kiti na maji ya kunywa. Zaituni akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," kwa sauti ndogo, akasimama karibu na ukuta. Alikuwa amekonda.

Niliomba radhi. Mama alisikiliza huku anachambua maharage, hakuninyanyulia macho.

"Huyu alikuwa na mdomo, mwalimu," akasema. "Tukitoka shamba ananihadithia njia nzima mpaka namwambia mwanangu pumzika. Mimi nilikuletea mtoto anayeongea."

Nikamgeukia Zaituni, nikamwambia nafasi yake ipo, nitamsaidia mwenyewe masomo yaliyompita.

"Hapana, mwalimu."

"Kwa nini, mwanangu?"

Alimtazama mama yake kwanza.

"Kule sijui kuongea."

Akachukua jembe, akaelekea shambani. Mpaka leo hajarudi shule.

Wewe mwalimu unayesoma haya, darasa lako likiwa kimya usifurahi haraka. Mchukue mtoto mmoja umwombe akueleze somo kwa maneno yake, kwa lugha aliyoamka nayo. Akikosea, usimcheke wala usiruhusu wenzake wamcheke. Mwache aulize, hata swali likichelewesha kipindi. Na mtoto akikwambia anaumwa, simama umsikilize. Mimi sikusimama, na hasara niliyosababisha anaibeba mtoto wa watu.