Mtandao Ulioitwa Kwa Andrea

Jirani yangu Andrea Custodio alikuwa na tabia moja iliyonikera miaka yote tuliyokaa ukuta kwa ukuta pale Chuno. Ukimwomba paswedi ya mtandao wa nyumbani kwake, hakutajii. Anakupokonya simu, anaibana kifuani, anaandika kwa kidole kimoja, halafu anakurudishia ikiwa imeshaunganishwa. "Tayari, Mama Nuru. Karibu." Basi. Na mimi ujana wangu niliumalizia kwenye intaneti kafe ya Chikongola, nikiwafungulia watu wazima barua pepe zao za kwanza. Kufichwa paswedi na fundi umeme mstaafu wa bandarini, nilihesabu ni tusi.

Alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, akavushwa mgongoni kwa mama yake wakati wa vita, akakulia Kilambo. Kiswahili alikijua vizuri, ila akikasirika Kimakonde kilikuwa kinatangulia. Alipostaafu alinunua kompyuta mpakato iliyochoka, kisha akaleta ruta, kile kiboksi cha kuwekea laini kinachorusha intaneti nyumba nzima. Ukifungua simu yako pale mtaani unaona jina la mtandao kwa herufi kubwa: KWA ANDREA.

Na kweli ilikuwa kwa Andrea. Watu wa Kilambo wakija mjini, hospitali au sokoni, walipitia barazani kwake. Mtu anafika na fungu la ming'oko, vile viazi vya porini, ananyang'anywa simu, anarudishiwa, na kabla chai haijapoa anamwona mwanawe aliyeko Pemba, ile ya ng'ambo ya Ruvuma, uso kwa uso. Jioni baraza lilijaa kelele za lugha tatu, kila mmoja akidhani anayezungumza naye ni kiziwi. Nilikuwa nalalamika kwamba siwezi hata kusikia redio yangu. Leo natamani kelele zile mpaka roho inauma.

Mkewe, Ines, sisi tukimwita Mama Celeste, ni mwanamke asiyevumilia kuona kitu kikikaa uchi. Kila chombo sebuleni kwake kina kitambaa alichofuma mwenyewe: televisheni, redio, jagi la maji. Ruta nayo ikapewa chake, cheupe chenye maua ya njano. Andrea alimwambia mara moja tu kwamba kifaa kile kinahitaji kupumua. Ines akajibu kwamba vumbi la Chuno halina adabu. Ubishi ukaishia hapo. Lakini mimi dirisha langu linatazama sebule yao, na kila siku nilimwona Andrea akingoja mkewe aende jikoni, anakitoa kitambaa, anakiacha sakafuni kama kilichoanguka. Asubuhi Ines anakiokota, anaifunika ruta tena.

Alifariki baada ya Pasaka. Presha, ghafla, hakulala kitandani hata siku moja.

Baraza likanyamaza. Mwezi wa kumi na moja, mji mzima ukinuka mabibo na joto likituchemsha, ruta nayo ikazimika. Ines alinigongea. "Mama Nuru, imemfuata mwenyewe," alisema. Nikaenda, nikainua kitambaa. Plastiki ilikuwa imepinda na kunuka kuungua. Nikashindwa kuuzuia mdomo wangu.

"Baba Celeste alikuwa anakitoa hiki."

"Lini?"

"Kila siku, ukiwa jikoni."

Ines alikaa kwenye kochi, akakikunja kitambaa kile mapajani. "Nami nilidhani kinaanguka chenyewe," akasema. Nilijuta kumwambia, lakini maneno yalishatoka.

Binti yao Celeste, aliyeko Dodoma, alituma ruta mpya miezi kadhaa baadaye. Misa ya kumbukumbu ya mwaka ilikuwa inakaribia, na watu wa Kilambo wangekuja wengi. Akaitwa Frank, fundi wa kule Chikongola, aje kuifunga. Akauliza iitwe nani.

"Kwa Andrea," alisema Ines.

"Na paswedi, mama?"

Hakuna aliyekuwa anaijua. Frank akasema si tatizo, ataweka mpya, wageni watapewa. Ines akawaka.

"Nitawapa akina nani? Wapo Kilambo, wapo Msimbati, wengine hata majina yao siyajui. Waje kwenye kumbukumbu, simu zao zione jina lake, halafu zikataliwe mlangoni? Haikataliwi simu ya mtu kwa Andrea."

Frank, mtu wa kuelewa, akatufafanulia kwamba jina na paswedi vikifanana na vya zamani herufi kwa herufi, simu haitajua kama ruta imebadilika. Itaingia yenyewe. Tukajaribu kuitafuta kwenye simu yangu, ambayo ni ya zamani, ikatuonyesha nukta tupu. Ikabaki sehemu moja tu ambayo bado ingeweza kuikumbuka: kompyuta ya Andrea.

Hiyo nayo ilikuwa haijaguswa tangu msibani. Frank aliiwasha, ikaganda. Akaizima, akaiwasha, ikaganda tena. "Hii imejaza masasisho yaliyokwama," akasema. "Tuipige windo mpya, itakuwa safi."

"Safi ndiyo kusema nini?"

"Tunafuta kila kitu, mama, tunaanza upya."

Ines alichomoa waya ukutani, akaichukua kompyuta, akaikumbatia. "Ahsante baba. Kunywa chai uende."

Kesho yake nikavaa miwani nikaishika mwenyewe. Ugonjwa wake niliujua. Kompyuta ikimwambia Andrea ijisasishe, yeye alikuwa anabonyeza "nikumbushe kesho", na kesho yake vilevile, miaka na miaka. Nilipuliza vumbi kwenye feni yake, nikaiwasha, nikaiacha. Iliganda muda wa kuchemsha maharage, kisha kioo kikaandika kwamba inajisasisha na tusiizime. Asilimia mbili. Asilimia tatu.

Betri yake ilishakufa zamani, ilikuwa inaishi kwa umeme wa ukutani, na umeme wa siku zile mnaujua. Ukikatika katikati, huenda isingewaka tena, na paswedi ingekwenda nayo.

"Niibonyeze kidogo ichangamke?" aliuliza Ines.

"Mama Celeste, ukigusa hicho kitufe nakukata vidole."

Tukakaa tunaitazama. Ilipofika arobaini ikasimama kabisa, na Ines akaanza kunisimulia jinsi Andrea alivyokuja kuposa kwao na redio mbovu aliyoitengeneza palepale mbele ya baba mkwe, ikalia, baba mkwe akasahau hata kumuuliza ukoo wake. Nilicheka, na nikaona kumbe namkumbuka mtu yule kuliko nilivyokuwa nakubali. Mara taa ikafifia, feni ya dari ikapunguza mwendo. Mimi nikasema Bismillahi, yeye akakamata rozari. Feni ikaburuza mzunguko mmoja, wa pili, kisha ikarudi kasi yake. Kioo hakikuzimika. Arobaini na moja.

Alasiri kompyuta ikafunguka. Haikuwa na paswedi ya kuingilia, maana Andrea alikuwa akisema nyumba ina komeo, inatosha. Nikaingia kwenye orodha ya mitandao inayoikumbuka. Ulikuwepo mmoja tu. Nikaufungua, zikatokea nukta, nikabonyeza nukta zigeuke herufi.

Nikasoma. Nikarudia kusoma. Nikamsogezea Ines kioo, sikutaka kutamka mwenyewe.

*inesanakelele*

Aliisoma midomo ikicheza, kisha akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuzike. "Ines ana kelele!" Alishika ukuta. "Mama Nuru! Watu wote wale! Masista wamepita hapa! Padri amepita hapa! Wote wameingia kwa kelele zangu!" Ndipo nilipojua kwa nini yule mtu alikuwa akizibana simu zetu kifuani. Hakuwa ananidharau mimi, alikuwa anamkwepa mkewe. Ines aliendelea kucheka mpaka kicheko kikageuka, akalia, nami nikalia naye, wanawake wawili wazima mbele ya kompyuta kuukuu.

Tulipofuta macho nikaiandika kwenye ruta mpya, herufi ndogo zote, bila nafasi. Simu yangu iliyokuwa kwenye pindo la khanga ikatetemeka. Ilikuwa imeingia.

Siku ya kumbukumbu watu walikuja kama Ines alivyotaka. Baada ya misa walishuka kwenye gari la kukodi, wazee kwa wamama, na vikapu vyao, wakaketi barazani na uani kimya, kama watu wanavyoketi nyumba iliyofiwa. Katekista akasimama kuanza sala. Alipofungua mdomo simu ya mzee Orlando wa Kilambo ikalia mfukoni, ujumbe wa tangu jana ukiingia. Ya jirani yake ikafuata. Kisha ya mama mmoja kule nyuma, kisha nne kwa pamoja, kisha sikuweza kufuatilia tena. Hakuna aliyekuwa ameshika simu yake. Kila moja ya simu zile Andrea aliwahi kuishika mkononi.

Watu wakaona haya, wakaanza kupapasa mifuko. Katekista akawaomba waumini wazime simu kwa heshima ya marehemu.

"Mwache, Katekista," alisema Ines kutoka mlangoni. "Anapokea wageni."

Tukasubiri mpaka simu ya mwisho ilipomaliza kulia.