Jibu Alilompa Daktari

Juma lililopita nilipiga foleni katika ofisi ya kazi hapa Kakamega, nyuma ya mkata miwa kutoka Ekero na mkewe. Miwa ilikuwa imemwangukia begani wakipakia trela, naye alikuja kudai fidia. Karani alisoma barua kwenye faili, akatikisa kichwa.

"Mzee, daktari wa kampuni ameandika umepona. Anasema ulimwambia mwenyewe."

"Mimi sijapona. Hii mkono haipandi." Akajaribu kuuinua, ukaishia kifuani.

"Sasa ulimwambia nini?"

"Aliniuliza habari yangu, nikasema nzuri sana. Si ndiyo watu wanajibunga kila siku?"

Karani hakucheka. Aligonga muhuri wa kukataa dai, akamrudishia karatasi kwa mikono miwili.

"Ungemwambia tu unaumwa," mkewe alimnong'oneza.

"Mtu amekusalimia vizuri, utaanzaje kumlilia?"

Nilitaka kumweleza karani kwamba ile ilikuwa salamu, si ushahidi. Lakini zamu yangu ilikuwa imefika, nikaogopa kumuudhi, nikamsogezea karatasi zangu. Nilihudumiwa upesi kweli. Nilipotoka, mama yule alikuwa bado mlangoni, akihangaika kumvisha mumewe koti.