Kumbikumbi wa Mulanda

Mwezi uliopita, mvua za kwanza zilipolainisha ardhi, nilimpeleka binti yangu kijijini Mulanda, nyumbani kwa bibi aliyenilea. Nakwambia ukweli, sikwenda kutembea tu. Binti ana miaka kumi na mitano, na muuguzi alikuwa ameniambia sukari yake imeanza kupanda. Kwetu Busia siku yake ni shule, kochi, chipsi, soda na simu. Nilifoka, nikaficha simu, nikapiga marufuku chipsi. Akawa anazila kwa rafiki zake na kuninunia.

Ah, Mulanda ile! Msimu kama huu sisi watoto hatukujua kutulia. Tukitoka shule, mbio hadi kichuguu. Bibi alikuwa ameshafunika matundu kwa blanketi kuukuu na kuchimba kishimo pembeni cha kuwanasia. Sisi tulichuchumaa kukizunguka kichuguu, tukapiga ardhi kwa vijiti ili kumbikumbi wadhani ni mvua, watoke. Kazi yenyewe ni kutoacha. Ukizembea kidogo tu wanarudi ndani, na jioni mnakula mboga za majani tupu huku wenzako wakikutazama vibaya. Tulipiga hadi mabega yakawaka moto, tukiimba na kupokezana. Halafu harufu ile! Bibi aliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, akatia chumvi kidogo, tukala kwa ugali wa wimbi wa motomoto. Tulilamba vidole bila aibu.

Bibi alishafariki, na vichuguu vingi vimechimbwa udongo wa matofali. Jirani yake, bikizee mchangamfu, bado anacho kimoja nyuma ya jiko. Alimpa binti yangu vijiti viwili bila hata kumuuliza. Binti akanitazama kama nimemuuza. Akapiga kidogo, akaanza kuhema, akaacha.

"Wewe mtoto, usiwache!" jirani alimfokea. "Kumbikumbi inasikia! Ukiwacha, yote inarudi ndani!"

Nilitaka kumtetea, iliniuma kumwona akihema vile. Lakini alifuta jasho, akapiga tena. Wajukuu wa jirani wakajiunga na kuanzisha wimbo, naye akaufuata kwa kubahatisha maneno. Mara mbawa zikachungulia tunduni.

"Mama, inatoka!" alipiga kelele. "Mama, kuja uone!"

Na hakuacha kupiga. Jioni alikula ugali wa wimbi bila kuulizia soda. Nilijifanya sikuona, maana ningefungua mdomo ningelia.

Tangu hapo tumekuwa tukienda kila Jumamosi. Kumbikumbi wasipotoka, anamsaidia jirani kupalilia karanga, na wale wajukuu wanamcheka anavyoshika jembe. Usidhani amekuwa malaika. Chipsi bado anakula, na simu bado analala nayo. Lakini juzi alinitangulia njiani, akasimama mbele kunisubiri, akacheka kwamba mama yake amezeeka. Nilifurahi kuchekwa.

Muuguzi atampima tena mwezi ujao, na ninaogopa, sikufichi. Siku za bibi hazitarudi, wala sizililii sana. Zilikuwa na njaa pia, tena njaa ya kweli. Mimi nataka kitu kimoja tu: mtoto huyu aje anizike, nisimzike mimi.