Ndoo ya Maji kwa Mashine ya Salfa

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, nikaingia karakana ya chama cha ushirika pale Masasi kufagia vumbi na kumwaga oili chafu. Siku hiyo hiyo lori moja lilikuwa linaunguruma vibaya, mafundi watatu wamelizunguka, kila mmoja na lake. Nikapita na ufagio wangu nikasema, "Hicho kinu kinatwangwa kitupu."

Wakacheka. Fundi Mkuu, mzee wa koti la buluu ambaye hakucheka hata siku ya Idi, akanigeukia. "Umesemaje wewe?"

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba. Nimekuuliza umesemaje."

"Kinu kikiwa na mahindi, mchi unatua mzito. Kikiwa kitupu, mchi unagonga mti. Humo ndani chuma kinagonga chuma. Kitu cha katikati kimekwisha."

Wakafungua injini. Beringi ya konrodi, yaani kile kikombe cha chuma laini kinachokaa kati ya mkono wa pistoni na krenki, ilikuwa imelika kama kipande cha sabuni. Kesho yake ufagio akapewa mtu mwingine, na mimi wakaniita Mama Fatu Fundi. Fatu ndiye binti yangu wa pekee.

Fundi Mkuu alinifundisha kusikiliza kwa bisibisi ndefu. Ncha unaiweka kwenye injini, mpini unauegemeza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mlio mwembamba wa haraka, ti-ti-ti, juu kwenye kichwa cha injini, ni tapeti zimelegea, vile vyuma vidogo vinavyosukuma vali. Unazirekebisha kwa geji, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi. Mlio mzito wa chini, ngo, ngo, ngo, unaozidi mashine ikipanda kilima, huo ni konrodi, na usiendelee kuendesha hata hatua kumi. Mkwaruzo wa pembeni ni cheni. "Usimwulize mwenye gari," alikuwa akisema. "Mwenye gari ni mwongo. Iulize injini."

Ikaja enzi ya ruksa. Wafanyabiashara binafsi wakaingia vijijini kununua korosho, chama kikakosa kazi, watu wakapunguzwa. Fundi Mkuu alirudishwa kwao na koti lake. Mimi nikahamishiwa tawi la Newala kutunza mabomba ya injini ya kupulizia salfa, ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho ikichanua isishikwe na ugonjwa wa ubwiri unga. Baba Fatu alikataa kuja. Alibaki Mkomaindo, pale pale Masasi, na kabla msimu haujaisha akaoa. Fatu naye alikuwa ameolewa Chiwata. Nikapanda Newala na sanduku moja na bisibisi yangu.

Karakana ya Newala ilikuwa chumba kimoja cha kazi na kingine cha kulala nyuma. Fundi nilikuwa peke yangu. Msimu ukiisha, zilipita siku nzima sijasikia mtu akiniita jina. Nikawa nawasha mabomba hata yaliyo mazima, ili nyumba iwe na sauti.

Mwaka mmoja Meneja wa Tawi akaniletea pikipiki ya miguu minne. Matairi manene, taa mbili kama macho ya chura. Ilikuwa ya mradi fulani uliofunga virago, chama kikainunua imetumika. Kazi yake ilikuwa kumbeba Bwana Shamba na mifuko ya salfa kupita kwenye mchanga wa mashambani. Msimu wa kwanza ilikwenda vizuri. Wa pili ikaanza maradhi mawili: inagonga, na asubuhi haiwaki.

"Ikiona ukungu inalala kama kuku," alisema Bwana Shamba. "Mama Fatu, hii haitaki fundi, inataka mganga."

"Mganga atakuanza wewe unayeiendesha kama unafukuzwa na nyuki," nikamjibu.

Meneja hakuwa na utani siku hiyo. "Mama Fatu, mikorosho imeanza kuchanua. Nakupa wiki. Ikishindikana, mashine inakwenda kwa fundi binafsi Masasi, na karakana hii naifunga. Makao makuu wananiuliza kila siku kwa nini nina fundi mmoja anayekaa na mabomba."

Nilielewa. Karakana ikifungwa, sikuwa na pa kwenda. Mkomaindo kulikuwa na mke mwingine. Chiwata kulikuwa na mkwe, na mtu na akili zake haendi kulala kwa mkwe.

Kugonga nilikumaliza siku ile ile. Meneja alikuwa ameshasema ni konrodi. Nikaweka bisibisi kwenye kichwa cha injini: mlio uko mbali. Kwenye tumbo la krenki: uko mbali. Nikaiweka kwenye fremu, ukaniruka sikioni kama kofi. Boliti moja kubwa inayoshika injini kwenye fremu ilikuwa imelegea, injini inarukaruka kitandani. Nikaikaza, kimya. Nyie vijana mnaofungua injini kabla hamjaisikiliza, hapo mshike.

Umeme ndio ulinitesa. Asubuhi ukibonyeza stata inasema tik, tik, basi. Jua likipanda, inawaka kama haikuwahi kuugua. Nikaweka betri nyingine: tik. Nikatoa plagi, nikaigusisha kwenye chuma nione cheche. Cheche nzima ni ya buluu na inalia ta! Hii asubuhi ilikuwa nyekundu, dhaifu. Nikabadilisha koili, ile inayoupa umeme nguvu ya kuruka kwenye plagi. Bado. Nikapima fyuzi kwa globu ndogo niliyoiunga nyaya mbili, fyuzi nzima. Siku ya tano Bwana Shamba alichungulia mlangoni, akaondoka bila kutania.

Asubuhi ya sita ukungu ulishuka mpaka mlangoni, sikuona hata choo changu. Nilikaa chini karibu na ile mashine, nikaanza kupanga sanduku langu kichwani. Nikawa nazungushazungusha bangili ya mkononi kama nifanyavyo nikikosa la kufanya. Ni bangili ya shaba, ya mama yangu. Nikaitazama: nyeusi tii. Kila msimu wa salfa inakuwa hivyo, nami huisugua kwa majivu na ndimu bila kuwaza.

Nikasimama. Salfa inakula shaba. Na ndani ya waya kuna nini kama si shaba?

Hapo ndipo nilipoona kosa letu sote. Newala, kabla hujaoga unafikiri. Maji tunayafuata bondeni, unateremka mtupu na kupanda na ndoo kichwani, shingo ikilia. Nani angeosha pikipiki? Misimu miwili mashine ile haikuguswa na maji. Tuliipangusa kwa matambara, na unga ukaingia zaidi. Ulijaa chini ya kiti, kwenye viungo vya nyaya, umeganda njano. Ukungu ukiulowesha, unageuka kuwa kitu kikali kama maji ya betri na umeme unapotea humo. Jua likiukausha, umeme unapita tena.

Nilikuwa na ndoo moja imejaa, maji yangu ya siku mbili. Nikachota kikombe kimoja nikanywa. Yaliyobaki nikayachanganya na sabuni nikaiosha mashine kidogo kidogo kwa brashi ya kupigia viatu, kama mtu anavyomwosha mtoto mchanga. Maji yalitoka ya njano, halafu ya kijani. Nikafungua waya wa bodi, ule unaourudisha umeme wa betri kwenye fremu: kichwa chake kilikuwa cheusi kama bangili yangu. Nikakata sehemu iliyooza, nikasugua kila kiungo kwa msasa mpaka shaba ikacheka, nikapaka girisi juu. Kutwa nzima nilikaa na kiu, naona haya kwenda kuomba maji kwa jirani nimweleze nimemwagia pikipiki.

Asubuhi ya saba ukungu ulikuwa mzito kuliko jana yake. Meneja alikuja na kufuli mkononi, sijasahau. Bwana Shamba nyuma yake.

"Haya, Mama Fatu."

"Bonyeza mwenyewe, Meneja."

Akabonyeza. Ikawaka kabla hajatoa kidole. Bwana Shamba akapiga kelele, "Kuku kaamka!" Meneja aliisikiliza kwa muda, kisha akatia kufuli mfukoni. "Sasa niwaambie nini makao makuu?"

"Waambie waniletee maji."

Karakana ikabaki. Nikapata misimu mingine mitatu, na kila Jumamosi ndoo moja ilikuwa ya mashine. Halafu tawi lenyewe likafungwa, Meneja naye akaenda na kufuli lake. Vitu vikauzwa. Pikipiki ilichukuliwa na mtu wa Chiungutwa. Nilimweleza habari za waya wa bodi na kuosha, akaitikia kama mtu mwenye haraka. Nikasimama mlangoni kuisikiliza ikiteremka. Tapeti safi. Cheni safi. Fremu kimya. Nikaifuata kwa sikio mpaka mteremkoni, mpaka ikawa kama nzi, mpaka ikawa si kitu.

Sasa niko Masasi, nyumba yangu mwenyewe, nimeijenga kwa mikono hii. Wajukuu ninao saba, wa kwanza anasomea umeme, na msidhani kautoa kwa baba yake. Barabarani bodaboda zinapita kutwa. Huyu tapeti, yule cheni, yule wa tatu atalala njiani leo. Nikipaza sauti kuwaambia, wananipungia mkono wakidhani bibi anawasalimu.

Kutoka Chiungutwa mpaka hapa kwangu si mbali. Miaka ile ya mwanzo, nikisikia mlio wa matairi manene nilikuwa naweka chini ninachokifanya. Ningeiacha ile mashine na ugonjwa mmoja mdogo, boliti moja tu imelegea nusu mzunguko, yule mnunuzi angenitafuta. Lakini niliimaliza vizuri. Mashine nzima hairudi kwa fundi.