Mkono Uliouitikia Ukungu

Tenisi haikuwa mchezo wa watu wa Lukozi, kule milima ya Usambara. Lukozi ukimwona mtu kashika kitu chenye mpini, ni jembe, na akirusha kitu cha mviringo, ni kabichi inapanda kwenye lori la Fuso. Modesta alirusha kabichi tangu mdogo, ndiyo maana alipoingia Dar, wale mabinti wa klabu wenye walimu wa kulipwa aliwachapa mpaka wakawa wanamuuliza anakula nini.

"Viazi," aliwajibu. "Na nyie kuleni, mtacheza vizuri. Sura tu ndiyo siwaahidi."

Ndivyo alivyojulikana: mdomo mkubwa, mkono mkubwa zaidi. Alicheza Arusha, Nairobi, Kampala, mpaka akawa anaishi kwa raketi kama wengine wanavyoishi kwa bodaboda. Mkono wake wa kulia ndio uliokuwa duka lake, shamba lake na mume wake. Ila kuna kitu hakumwambia mtu: mkono wenyewe ulikuwa unakufa kwa baridi.

Baridi hiyo ilianzia nyumbani. Mjomba wake, Abrahamu, alikuwa anatunza nyumba ya wageni ya zamani huko juu ya Lushoto, yenye uwanja wa tenisi uliojengwa na Wazungu waliokwisha kufa wote. Wageni walikuwa wa msimu, mteja wa kila siku alikuwa ukungu. Mjomba alimpa Modesta raketi iliyosahauliwa na mgeni, akamfundisha alichoona wageni wakifanya, yaani nusu yake makosa.

Alasiri moja ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukaumeza upande wa pili wa uwanja, na wavu wenyewe ukabaki kama kivuli. Modesta akaupiga mpira ukazama mle kwenye weupe. Upande ule hapakuwa na mtu. Mjomba alikuwa nyuma yake na ufagio, anamcheka kwamba anapiga kama anafukuza nyani shambani.

Mpira ukarudi.

Ulirudi polepole, umelowa, ukadunda miguuni pake. Sasa, kila mtoto wa milima ile anajua: ukiitwa kwenye ukungu na anayekuita humwoni, huitikii. Unafunga mdomo, unakwenda zako. Modesta alifunga mdomo vizuri kabisa. Mkono ndio ulioupiga ule mpira kabla hajawaza. Ukarudi tena. Akapiga tena. Aliyekuwa kule alimletea mipira kama mtu anayemlisha mtoto uji, kila kijiko kizito kuliko kilichotangulia, na Modesta akawa anaimeza yote.

Ufagio ukaanguka. Mjomba alimshika kwapani, akamburuta mpaka jikoni.

"Umeitika," alisema.

"Sijafungua mdomo, mjomba."

"Umeitika kwa mkono."

"Basi wangetuambia kwamba na mkono nao umo kwenye katazo."

Mjomba hakucheka, na huyo ni mtu aliyekuwa anacheka hata misibani. Kule uwanjani mpira uliendelea kudunda peke yake, taratibu, kama wa mtu anayesubiri zamu yake.

Kuanzia hapo Modesta alipiga mipira ambayo hakuna mwalimu aliyemfundisha. Lakini kila mchezo ulipokuwa mgumu, mkono ulipoa na kulowa umande, hata Dar mwezi wa pili, watu wakijipepea kwa magazeti. Aliufuta akatania kwamba jasho la Kisambaa linatoka likiwa limeshapoa. Mwanzoni baridi iliishia kiganjani. Baadaye kiwiko. Mwaka huu ilifika begani, na katikati ya mchezo raketi ikamtoka vidoleni, ikaruka mpaka kwa mwamuzi. Daktari aliupima mkono, akaona ni mzima, akamshauri avae sweta.

Akapanda gari kwenda kwao.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Lete mkono." Abrahamu, mzee sasa na mguu mbovu, aliushika, akauachia upesi. "Bado anakusubiri. Uliondoka hukumuaga."

"Wewe si ndiye uliyeniburuta?"

"Na wakati wa kuanza, je? Ulimwamkia?"

Modesta akaona aibu, jambo ambalo Lukozi nzima ingelipa kiingilio kulishuhudia. Mtoto wa Kisambaa anakutana na mkubwa, anaanza kumrushia mipira bila hata shikamoo. Hata mbuzi wa kule Vuga wana adabu kuliko hiyo.

Ukungu ulipofika kwenye wavu, aliingia uwanjani bila raketi. Mjomba alibaki mlangoni. Modesta akasogea mpaka wavuni, akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo."

Ng'ambo ya wavu kitu kikaacha kudunda. Hakujua kama kilikuwa kinadunda mpaka kilipoacha. Halafu vidole vikaushika mkono wake, vikavu, vyepesi kama maganda ya mahindi, na marahaba ikasikika karibu mno, nyuma ya sikio lake, upande wake yeye.

"Nimekuja kuaga," Modesta akasema bila kugeuka.

Vidole vikaachia.

Joto lilimrudia njiani kwenda jikoni, mkono ukawasha kama umeshika upupu. Alilia, akasema ni moshi wa kuni.

Mashindano yaliyofuata alitolewa mchezo wa kwanza tu, na Sabra, binti mwembamba wa Dar asiyejua kama karoti inaota juu au chini. Mipira ya Modesta ilikwenda inakotaka yenyewe. Haikumuuma. Kwao alikwenda kufuata mkono, na mkono alikuwa nao, wa moto, wa kwake. Akasogea wavuni na utani wake mdomoni.

"Shikamoo dada," Sabra akasema, akampa mkono.

Ulikuwa wa baridi, umelowa umande, na lilikuwa jua la saa nane mchana.

"Marahaba. Mazoezi ulifanyia wapi?"

"Tulikuwa kambi huko kwenu, Lushoto. Kuna uwanja mmoja wa zamani, ukungu mtupu."

Modesta hakuuachia ule mkono.

"Ulimwamkia lakini?" akauliza taratibu.

Sabra hakuuliza nani. Aliuchomoa mkono wake, akautazama, akaanza kuufuta kwenye sketi.