Siku orodha ya mahindi iliposomwa kwa sauti Mbwajumali

Wakuu, nawasalimu nyote, wa bara na wa visiwani.

Mimi humu ni msomaji tu, huwa siandiki. Shule yangu iliishia darasa la nne na nachapa kwa dole gumba moja, basi mnivumilie. Haya niliyaona mwenyewe, na penye aibu yangu sitaifunika.

Ni mwanzoni mwa miaka ya sitini, Mbwajumali, kisiwani Pate. Mvua ilinyesha mpaka mashamba yakaoza. Serikali ikaleta mahindi ya manjano, yale ambayo ukipika sima watoto wanauliza nani ametia bizari.

Walioandikwa kupewa ni wajane na wazee tu. Kila mwezi karani aliita jina, unaweka dole kwenye daftari, unapimiwa pishi zako.

Mamangu alikuwa mjane, jina lake lilikuwamo.

Kisha akafa.

Siku ya tatu, siku ya khitma, ikawa ndiyo siku ya mgao. Nyumbani hapakuwa na kitu cha kuwapa waliokuja kusoma. Nikachukua kikapu chake nikaenda. Karani akaita jina la mama, akaniangalia, akasema, "Weka dole."

Nikaweka.

Alijua mama yuko kaburini. Jeneza tulilibeba pamoja. Alikuwa mtu wetu, ameoa papo hapo kijijini, na kabla ya hapo sikumjua kwa ubaya. Mpaka leo nadhani ni mimi niliyemwonyesha kwamba maiti anaweza kuchukua mahindi.

Sikurudi tena. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, nakata boriti, najilisha.

Miezi mitatu baadaye Bi Zena, dada mdogo wa mamangu, naye akafiwa na mume. Ana watoto watatu. Nikamsindikiza kwa karani aandikwe.

"Orodha imejaa, Bi," karani akasema. "Ngoja afe mtu."

Daftari lilikuwa wazi mezani. Nikalisoma kichwa chini. Jina la mamangu lilikuwapo, na mbele yake madole manne ya tangu afe. Moja langu. Matatu sijui ya nani.

Nilikaa siku mbili nayo kifuani, huku watoto wa Bi Zena wakila maembe mabichi kwa chumvi. Siku ya tatu nikamwambia yote, pamoja na lile dole langu.

"Yale uliyatwaa, yakaliwa na waliomsomea," akasema. "Hayo nimekusamehe. Haya mengine yuwayala nani?"

Tukaenda ofisini Lamu mjini. Mara ya kwanza tukaambiwa Bwana D.O., mkuu wa tarafa, yuko safarini. Mara ya pili tukaambiwa tuandike barua. Niliiandika mtaa wa Langoni, juu ya meza ya fundi cherehani aliyenionea huruma, na nilichana karatasi tatu.

Mara ya tatu tukamwona. Kijana kutoka bara, Mkristo, macho yamechoka kama yetu.

"Mnataka huyu karani afungwe?"

"Bwana, ndia hii nimepita mara tatu, si kwa kumfunga mtu," Bi Zena akasema. "Twataka orodha isomwe kwa sauti, watu wote wakiwapo."

"Basi?"

"Basi."

Nadhani alikubali kwa sababu lilikuwa jambo dogo.

Siku ya mgao akaja, akasimama uwanjani karibu na msikiti, akasoma mwenyewe. Karani alimkabidhi daftari huku anatabasamu. Nani angethubutu kumkatiza mtu wa serikali?

Jina la kwanza: "Nipo." La pili: "Nipo."

La tatu lilikuwa la mzee aliyekufa tangu Ramadhani.

Sasa wakuu, kwetu jina la marehemu halipiti kavu. Likitajwa, hata katikati ya ugomvi, aliyesikia hujibu. Hakuna aliyepanga. Uwanja mzima ukasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu."

D.O. akadhani ni adabu tu, akaendelea. "Nipo." "Nipo." "Mwenyezi Mungu amrehemu." Mara ya tano akaacha kusoma.

"Mbona wengine mnawaombea?"

Hakuna aliyetaka kuwa yeye wa kusema. Mwishowe Bi Rukia, mpika vitumbua, akasema, "Bwana, hao ndio walaji wakubwa. Shee Omari alipokuwa hai kitumbua kimoja kilimshinda. Sasa yuwamaliza pishi!"

Watu wakacheka. Karani naye akacheka, kisha akaacha.

Likafuata jina la mamangu. Bi Zena ndiye aliyemjibia.

Karani akaninyooshea kidole. "Muulize huyo! Dole la kwanza tangu afe ni lake!"

Ningeweza kukana. Madole hayana majina.

"Ni langu," nikasema. "Mama alikuwa na siku tatu kaburini. Hayo yaliyofuata si yangu."

D.O. akaniandika. Adhabu yangu ikawa kubeba magunia ya mgao miezi mitatu bila malipo. Nilibeba. Baadhi ya watu hawakuniita tena kwenye barza zao.

Karani alipewa uhamisho tu. Baadaye mtu alinambia amemwona anasimamia ghala kubwa zaidi. Sikuthibitisha. Ila sikushangaa.

Lakini jina la mamangu lilikatwa kwa mstari mmoja, na juu yake, mbele ya macho yetu, likaandikwa la dada yake. Usiku ule watoto walikula sima.

Bi Zena nimemzika wiki iliyopita. Aliishi miaka mingi. Alikuwa kwenye orodha ya wazee wanaosaidiwa na serikali, basi baada ya khitma nikashika mkongojo nikaenda ofisini jina lake litolewe.

Kijana wa pale akaniambia kwa upole, "Mzee, mbona haraka? Wenzako huacha kwanza."

Nikamwambia, "Futa nikiona."

Nililojifunza ni hilo tu. Karani tulimkomesha siku moja, lakini mlango niliufungua mimi, na kila maiti anaufungua upya. Dawa niliyoiona ni orodha kusomwa mbele ya watu wanaowajua wafu wao.

Je, wakuu, huko kwenu orodha husomwa kwa sauti, au hubandikwa ukutani ndani ya ofisi iliyofungwa? Niambieni. Nitasoma, japo kujibu nitachelewa.

Na mliofika hapa chini, mrehemuni Bi Zena.